Bendi ya Vijana Isivunjwe kwa Kura

Bendi nyingi za wanafunzi huvunjika si kwa kukosa magitaa, bali kwa kukosa kusikilizana. Huku Sigalame, karibu na mpaka, ambako muziki wa Kenya na wa Uganda husikika pamoja, mmoja hutaka rumba, wa pili nyimbo za injili, wa tatu rapu. Mwalimu anapokata shauri kwa kura, wachache hushindwa, nao huondoka na vipaji vyao.

Hebu tuitazame Equator Sound Band ya Nairobi katika miaka ya 1960. Humo Daudi Kabaka na Fadhili William walipiga muziki pamoja na Wazambia Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Kila mmoja alikuja na masikio ya kwao, na twisti ya Kiafrika ikastawi. Mwaka 1968, "Helule Helule" ya Kabaka ilirekodiwa na The Tremeloes wa Uingereza.

Lugha hukua kwa kukopa. Muziki vivyo hivyo. Basi, walimu wenzangu, kura na isubiri. Kila kijana awafundishe wenziwe wimbo aupendao, nao waupige kikamilifu kabla ya kuuhukumu. Asiyeujua wimbo hana haki ya kuukataa.