Chakula cha Mbwa Anayejikuna



Mwezi huu tunamzungumzia mlinzi wa nyumba ambaye mara nyingi hula mwisho, yaani mbwa. Mbwa wenye damu ya German Shepherd hupendwa kwa ulinzi, lakini ngozi yao husumbua upesi.

Mbwa akijikuna usiku kucha, akilamba miguu na kunyonyoka manyoya, tusikimbilie kulaumu chakula. Kwanza tutazame viroboto, kupe na upele, na tumwite bwana mifugo atuelekeze dawa.

Akiendelea kujikuna baada ya hapo, tujaribu kubadili chakula. Vinavyodhuru mbwa wengi wa aina hii ni nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku na ngano. Mara nyingi mwili hukataa kitu ambacho mbwa amekwisha kukila kwa muda mrefu. Kwa hiyo tuchague nyama moja na wanga mmoja ambavyo hajawahi kuvila. Aliyelelewa kwa ugali wa mahindi na nyama ya ng'ombe anaweza kupewa sungura na viazi vitamu vya kuchemsha, bila kitu kingine, kwa wiki 8. Watoto waambiwe wasimtupie mfupa wala kumwekea maziwa, maana tonge moja huharibu kazi yote. Akipata nafuu, arudishiwe vyakula vya zamani kimoja kimoja. Kile kitakachorudisha muwasho ndani ya wiki 2 ndicho cha kuacha. Lakini chakula hiki ni cha kupimia tu, na mtoto wa mbwa anayekua asipewe bila ushauri wa bwana mifugo.

Tukumbuke pia kwamba vitunguu huharibu damu ya mbwa. Makombo ya mchuzi tusimpe.

Lipo jambo zito zaidi, akina mama. Huku kwetu Mlali, wilayani Kongwa, tunaishi kwa mahindi na karanga. Tunapochambua, zile punje zenye ukungu huwa tunasema, "Hizi za mbwa." La hasha! Ukungu huo huweza kuwa na sumukuvu, nayo haiishi kwa kupikwa. Huharibu ini la mbwa kama la binadamu. Mbwa hukataa kula, hutapika, hulegea, na macho na fizi huwa za njano. Akionyesha dalili hizo, tumwite bwana mifugo siku hiyo hiyo, na tutazame mahindi tunayokula wenyewe. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Tunajua uchungu wa kumwaga mahindi mwaka wa njaa. Hata hivyo, punje zilizooza tusimpe mbwa, kuku wala ng'ombe, maana sumu ya ng'ombe huturudia katika maziwa. Tuzifukie. Mahindi mazuri tuyakaushe juu ya turubai, si juu ya udongo, kisha tuyaweke palipoinuka na pasipo unyevu.

Tukutane tena mwezi ujao.