Mafuta ya Kukaangia Katika Gari la Mazishi



Ndugu msomaji, juma hili naomba tuyaache kidogo mazungumzo ya malezi tuingie gereji, kwa kuwa yaliyotokea huko yanagusa majiko yetu na amana zetu pia.

Msikiti wetu una gari kuukuu la dizeli, lenye umri unaokaribia wangu. Ni mali ya wakfu, na kazi yake kubwa ni kubeba majeneza. Bei ya dizeli ilipopanda, vijana wetu wawili waliosoma kemia walileta rai: mafuta yanayobaki baada ya kukaanga sambusa na maandazi yakusanywe majumbani, yageuzwe kuwa biodizeli. Kamati iliafiki, nami nikakabidhiwa usimamizi.

Rai hiyo haikuwa ndoto. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ya aina aliyoibuni Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Hata hivyo, mafuta ya kukaangia ni mazito. Yakitiwa katika tangi vivi hivi, hatimaye huziba nozeli na kuacha masizi. Ndiyo maana huchujwa, kisha huchanganywa na methanoli, takriban lita 20 kwa kila lita 100 za mafuta, pamoja na kostiki, ile waitumiayo watengeneza sabuni. Mchanganyiko huo hujitenga: gliserini huzama chini, na biodizeli iliyo nyepesi hukaa juu, ikaoshwa kwa maji na kukaushwa.

Vijana waliifanya kazi yao vizuri. Kosa lilikuwa langu. Fundi wetu alinionya mapema: "Ustadh, gari hili ni la zamani. Biodizeli huilainisha na kuila mipira yake ya kupitishia mafuta. Tangi nalo lina uchafu wa miaka mingi. Biodizeli itaung'oa wote uje kwenye chujio. Tubadilishe mipira, tuweke chujio la akiba, na tuanze kwa kuchanganya: sehemu moja ya biodizeli kwa sehemu nne za dizeli." Nilitazama daftari la hazina, nikaona fedha ni kidogo. Nikasema mipira itangoja, nikajaza tangi biodizeli tupu.

Siku ya nne alifariki bibi mmoja wa mtaani kwetu. Gari liliondoka msikitini na jeneza, na mbele, kando ya dereva, ameketi mume wa marehemu. Lilipoanza kupanda kilima likakohoa, likazimika. Vijana walilishusha jeneza wakalibeba mabegani, nayo ni heshima kwa maiti. Lakini mzee yule hawezi kutembea mwendo mrefu, na kwa maradhi ya nyonga hawezi kupanda pikipiki. Aliwaambia wasimngoje, marehemu asicheleweshwe. Hadi teksi ilipopatikana na kumfikisha makaburini, kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa.

Jioni nilikwenda kumwomba radhi. Alinishika mkono, akasema, "Haidhuru, mwanangu." Maneno hayo yamenielemea kuliko lawama yoyote.

Fundi alipolifungua chujio alikuta tope jeusi. Injini ilikuwa salama. Tulibadilisha mipira na sili zake, tukabadilisha chujio mara mbili, tukarudi kwenye kipimo alichokisema tangu mwanzo. Leo gari linatembea. Nafuu tunayoipata ni ndogo kuliko niliyoiahidi kamati, lakini naweza kuisoma mbele ya jamaa bila ya kuficha gharama yoyote.

Kwa familia zinazotuletea mafuta, na kwa yeyote anayefikiria jambo hili kwa gari lake, nina maombi manne. Kwanza, mafuta yachujwe yakiwa yamepoa, yawekwe katika chombo kikavu, maana maji huharibu mchanganyiko. Pili, msijaribu kuyageuza jikoni. Methanoli ikinywewa hupofusha na kuua, na inapowaka mchana moto wake hauonekani kwa urahisi; kostiki nayo huunguza ngozi na macho. Hivi havikai nyumba moja na watoto. Tatu, biodizeli ni ya injini ya dizeli pekee. Gari la petroli halihusiki kabisa. Nne, fundi alikague gari kabla ya tone la kwanza kuingia, na akisema mipira ibadilishwe, ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Mwenye mali yake akihatarisha gari lake, hasara ni yake. Mimi nilihatarisha gari la watu wote, na aliyelipa ni mzee aliyetaka kumzika mkewe. Tumwombee subira, na marehemu tumwombee rehema.

Wabillahi tawfiq.