Rangi za Kisimani

Juma lililopita tulionyeshwa mkanda mkongwe wa Kodachrome, filamu ya rangi iliyoanza kuuzwa mwaka 1935: wanawake wa shamba wateka maji kisimani, wengine watwanga mpunga, mmoja asuka ukili chini ya mwembe. Mkanda hauna sauti. Hata mchi hausikiki. Nasi tuliokunywa maji ya mtungi kwa kata utotoni, machozi yalitulengalenga.

Mara bibi wa nyumba ile akasema, "Zima, mwanangu." Alikuwa amemtambua mamake, Allah amrehemu, kichwa wazi, leso kifuani, akipigwa picha na mgeni ambaye hakuomba idhini ya mtu. Tuliinamisha macho kwa haya, maana tulikwisha kumtazama kwa furaha. Baada ya Isha bibi akaomba awashiwe tena, peke yake, mlango umefungwa, aione ile leso nyekundu.