Kamusi ya Data na Lugha ya Mtafutaji

Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya ulifanywa nchini Tanzania kwa mara ya kwanza mwaka 1991–92, ukarudiwa mara kadhaa hadi mwaka 2022. Umeacha hazina kubwa ya majibu ya wananchi. Lakini katika faili za kompyuta majibu hayo yamewekwa chini ya majina mafupi: umri wa mama ni V012, makazi ya mjini au kijijini ni V025, na kuhara kwa mtoto ni H11. Maana ya kila kigeu, yaani kila jambo lililopimwa, hupatikana katika kamusi ya data, ambayo ina mamia ya vigeu.

Ndiyo maana watafiti huandika programu fupi ili kompyuta iipekue kamusi hiyo. Utaratibu huo ni mwema. Kazi ya siku nzima humalizika kwa muda mfupi, na programu ikihifadhiwa, mtafiti mwingine aweza kuikagua. Hata hivyo, programu ya namna hiyo hulinganisha herufi tu, wala haitambui maana. Mwanafunzi aliyefundishwa Kiingereza cha Uingereza ataandika “diarrhoea”, hali kamusi hufuata tahajia ya Kimarekani, “diarrhea”. Atajibiwa kwamba hakuna kitu, naye aweza kuamini kuwa swali hilo halikuulizwa kamwe. Akitafuta “diarrh” peke yake atazipata tahajia zote mbili. Lakini hata hapo kigeu H13, kinachohusu tiba ya kurudisha maji mwilini, chaweza kumpita, maana maelezo yake hayataji kuhara.

Tena, kukipata kigeu si mwisho wa kazi. Katika H11, 0 ni hapana. 1 ni kuhara katika saa 24 zilizopita. 2 ni katika wiki mbili zilizopita. Na 8 ni “sijui”. Anayehesabu kila jibu lisilo 0 kuwa ugonjwa huwaingiza miongoni mwa wagonjwa watoto ambao mama zao hawakujua. Hesabu ya namna hiyo ikitumiwa kugawa dawa, kosa la mezani huwa hasara ya zahanati.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba akina mama waliulizwa kwa Kiswahili, wakajibu kwa Kiswahili, lakini anayetafuta “kuhara” katika kamusi hiyo hapati lolote. Yafaa basi wanaotunza data za utafiti waongeze mbele ya kila kigeu swali la Kiswahili kama lilivyoulizwa, pamoja na maneno mengine yenye maana hiyo. Dodoso la Kiswahili limekwisha kuandikwa; kilichobaki ni kuliunganisha na kamusi. Hapo ofisa wa afya wa wilaya ataweza kuzitafuta habari za watu wake kwa maneno yale yale waliyozitolea.