Je, umeme wa Rusumo unaweza kutupatia mbolea?

Mbolea ya kukuzia mahindi inayofika Ngara na Biharamulo hutoka mbali. Nyingi huja nchini kwa meli, kisha husafiri kwa lori zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bandarini Dar es Salaam. Mwaka 2022 bei ilipopanda duniani, mkulima wa huku aliumia, na serikali ikaanza kutoa ruzuku msimu wa 2022/2023.

Hapa kwetu kuna umeme. Mtambo wa maporomoko ya Rusumo, kwenye mto Kagera, una uwezo wa megawati 80 ambazo Tanzania, Rwanda na Burundi hugawana sawa. Fungu letu ni karibu megawati 27, na njia yake ya umeme inakuja hadi Nyakanazi, Biharamulo. Kwa nini basi tusitengeneze mbolea hapa hapa?

Inafanyikaje?

Umeme ukipitishwa kwenye maji huyatenganisha kuwa oksijeni na haidrojeni. Haidrojeni huunganishwa na naitrojeni ya hewani, kwa joto kali na mgandamizo mkubwa, ikapatikana amonia. Amonia ndiyo chanzo cha urea na CAN. Viwanda vingi duniani hupata haidrojeni kutoka gesi asilia au makaa ya mawe, lakini maji na umeme pia vinatosha.

Nchini Kenya, katika shamba la kampuni ya Kenya Nut, upo mtambo mdogo wa umeme wa jua wenye uwezo wa kutengeneza tani moja ya amonia kwa siku.

Hesabu iko wapi?

Tani moja ya amonia hula karibu uniti 10,000 za umeme. Naitrojeni yake inalingana na ile iliyo katika mifuko 35 ya urea ya kilo 50. Kwa hiyo mfuko mmoja hula karibu uniti 280.

Tuseme uniti ni shilingi 150. Umeme pekee utagharimu shilingi 42,000 kwa mfuko, kabla ya kulipia mtambo, mafundi na usafiri. Uniti ikiwa shilingi 30, gharama hiyo inashuka hadi 8,400. Kiwanda kinasimama au kinaanguka kwa bei ya umeme.

Ndiyo maana wataalamu huzungumzia umeme wa ziada. Huko Turkana, Kenya, mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310 huzunguka sana usiku, watu wakiwa wamelala. Umeme usiopata mtumiaji wala pa kuhifadhiwa hauna faida, hivyo unaweza kuuzwa kwa bei ya chini. Tanzania nayo, baada ya Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, ina uwezo wa kuzalisha kuliko mahitaji yake ya sasa.

Lakini ziada haidumu. Kiwanda cha Sable huko Kwekwe, Zimbabwe, kilipata haidrojeni kwa umeme na maji kwa miongo kadhaa. Mwaka 2015 mtambo huo ulizimwa, umeme ukiwa adimu na ghali. Kikabaki kuagiza amonia kutoka nje.

Tuulize nini?

Mtambo wa tani moja kwa siku ungehitaji chini ya asilimia 2 ya fungu letu la Rusumo. Ukifanya kazi mwaka mzima ungetoa naitrojeni ya mifuko zaidi ya 12,000. Ukifanya kazi saa za ziada tu, itakuwa pungufu.

Mwekezaji akija na wazo hili kwenye mkutano wa kijiji au kwa diwani wako, muulize: atanunua uniti kwa bei gani, na mkataba ni wa miaka mingapi? Umeme ukipungua, nani atazimiwa kwanza, kiwanda au kijiji? Na mbolea itakuwa ya chengachenga au ya maji? Urea huhitaji pia hewa ukaa, na amonia yenyewe ni sumu inayohitaji matangi na watu waliofunzwa.

Kwa sasa, jiandikishe kwa ajili ya ruzuku, na samadi usiitupe.