"Bwana shamba, ninyanyue Subaru?"



Leo mbolea na viuatilifu tuviweke pembeni kidogo. Kuna swali ambalo msimu huu nimeulizwa mara nyingi kuliko hata chulebuni: "Bwana shamba, nina Forester ya turbo, niinyanyue ifike shambani?" Jibu langu ni hili: nyanyua, ila kidogo, na iwe kazi ya mwisho, siyo ya kwanza.

Najua mnakotoka. Lami imeshuka kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay, gari yoyote inapita. Shida yetu ni zile kilomita chache za kutoka lami hadi shambani. Huku milimani kuna udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha unateleza kama sabuni. Kule ziwani kuna mchanga na vijito visivyo na madaraja. Kijana mwenye ekari tano za kahawa huko nyuma ya Litembo hanyanyui gari kwa sifa tu. Anataka kufika.

Na mimi nilitaka kufika. Nilipeleka Forester yangu kwa fundi, akaweka spesa za sentimita 5 juu ya shokapu, akafunga, nikalipa, nikaondoka natabasamu. Alaimenti hatukupima. Gari ilikuwa imesimama kama swala! Wiki tatu baadaye, mwezi wa kwanza, nilibeba miche 150 ya kahawa ya kikundi cha vijana. Katikati ya mlima nikasikia ta-ta-ta upande wa kulia, kisha gari ikagoma kupanda. Tulishusha miche kwenye mvua, viriba vikapasuka, mizizi ikabaki nje. Miche 60 ilikufa. Niliilipa, lakini msimu wa kupanda haulipiki. Mche wa kahawa unakusubirisha miaka kama mitatu kabla ya mavuno ya kwanza, na wale vijana nimewarudisha nyuma mwaka mzima.

Kilichotokea ni hiki. Forester haina ekseli nzima kama nyuma ya Hilux. Kila tairi ina shafti yake, na difu imefungwa kwenye bodi. Uzuri wake, ukinyanyua bodi, difu nayo inapanda, tofauti na Hilux ambayo ukiongeza springi difu inabaki palepale. Ubaya wake, shafti sasa zinafanya kazi zikiwa zimepinda. Kile kifuko cha mpira kinachotunza grisi kinajikunja kupita kiasi na kuchanika. Grisi inatoka, matope yanaingia, jointi inakufa. Hapo ongeza turbo. Nguvu yake inakuja kwa kishindo mzunguko wa injini ukipanda, na nyingi ya hizi gari ni otomatiki zisizo na gia nzito. Ukikwama unakanyaga mafuta, turbo inaamka, tairi inazunguka bure, halafu ghafla inashika. Kishindo chote kinaishia kwenye ile jointi iliyopinda.

Kwa hiyo, kama ungekuwa mdogo wangu, ningekupa mpangilio huu.

Kwanza, irudishe gari kwenye urefu wake. Forester nyingi za zamani tayari zimelegea nyuma. Shokapu zimechoka, boshi zimekufa. Ukiweka spesa juu ya shokapu mbovu umevalisha kiatu kirefu mguu uliovunjika.

Pili, tairi. Kwenye matope tairi ya meno ina faida kuliko sentimita 5 za hewa. Ukitoka 215/60 R16 kwenda 215/65 R16, gari inapanda kama sentimita 1 bila kugusa springi. Ila zote nne ziwe saizi moja na zimelika sawa. Gari inayovuta magurudumu yote ukiichanganyia tairi, unaua difu ya kati.

Tatu, bati nene la kukinga sampu na injini. Jiwe moja likitoboa sampu, turbo ndiyo ya kwanza kulia kwa kukosa oili.

Nne, sasa nyanyua. Sentimita 2 hadi 4, kwa springi na shokapu zinazolingana. Ukitaka zaidi, fundi ashushe pia fremu ndogo inayobeba injini na difu ili shafti zinyooke. Akikwambia "hakuna haja", tafuta fundi mwingine. Ukimaliza, pima alaimenti, kagua mipira ya breki kama haijakazwa, na kwenye kona endesha ukijua gari iliyo juu inapinduka kirahisi zaidi.

Halafu tuongee kibiashara. Mifuko kumi ya mbolea ni nusu tani. Hiyo siyo kazi ya Forester, hata uinyanyue ifike wapi. Kodi Canter pamoja na wenzako. Forester ikupeleke wewe, dawa, bomba la kupulizia na miche michache. Na gharama ya kunyanyua iandike kwenye daftari la shamba kama unavyoandika mbolea. Ukishindwa kuonyesha ni safari zipi itakuokolea, basi ni pesa ya starehe. Starehe siyo dhambi, ila isitoke kwenye fungu la pembejeo. Nimeona kahawa ikigeuka njano huku gari ya mwenye shamba imevaa springi mpya.

Wazee wa Kimatengo hawakushindana na mlima kwa nguvu. Walichimba ngoro, wakapunguza kasi ya maji, na udongo ukabaki shambani. Na wewe, kabla ya kununua springi, chukua jembe na vijana wawili, mchimbe mifereji ya kutoa maji kwenye ile njia ya kwenda shambani kwako. Pengine ukimaliza utagundua gari ilikuwa na urefu wa kutosha tangu mwanzo.

Tukutane shambani.