Jina la Mtumaji Si Anwani Yake

Kila mwaka masomo yanapoanza, vijana wetu hapa Njoro hupokea barua pepe nyingi zaidi kutoka kwa mitambo kuliko kutoka kwa wanadamu. Ipo ya usajili, ipo ya karo, ipo ya mkopo, ipo ya kubadilisha neno la siri. Hakuna karani aliyeketi akaziandika. La ajabu ni kwamba sehemu ya mtumaji haifanani. Moja huja na jina kamili la chuo. Ya pili, kutoka chuo kicho hicho, huja na neno "root" tu. Ya tatu huja na anwani tupu, na ya nne ina jina lililotiwa katika mabano. Nimemsikia mwanafunzi akiapa kwamba hiyo ya mabano ni ya matapeli. Aliifuta. Ilikuwa ya kweli, na ndani yake mlikuwa na tarehe ya mwisho ya kujisajili.

Simlaumu. Kijana huyo amefundishwa kuandika barua pepe, hajafundishwa kuisoma. Katika somo la Kiswahili huandika kwa kalamu, juu ya karatasi, "Kutoka kwa", "Kwa" na "Mada", akaamini kwamba mstari wa mtumaji una umbo moja tu. Hauna, wala haujawahi kuwa nalo.

Kanuni za barua pepe zilizotolewa mwaka 1982, zijulikanazo kama RFC 822, ziliruhusu mitindo zaidi ya mmoja. Wengine walitanguliza anwani, jina likafuata katika mabano kama maelezo ya pembeni. Wengine walitanguliza jina, na anwani ikazingirwa na alama mbili za pembe. Mtindo huu wa pili ndio ulioenea, lakini programu kongwe hazikubadilika. Cron, ile programu inayoamsha kazi kwa saa zilizopangwa katika seva za Unix na Linux, aghalabu hujitambulisha hata leo kwa mtindo wa kale: anwani ya root, kisha maneno Cron Daemon katika mabano. Programu nyingine katika seva iyo hiyo isipotaja jina, mara nyingi jina hutolewa katika orodha ya watumiaji wa seva, pale palipoandikwa jina kamili la mwenye akaunti. Iwapo msimamizi aliandika "root" tu siku ya kwanza ya kazi, wanafunzi wataandikiwa na root hadi atakapostaafu.

Na neno daemon lisimtie mtu hofu. Si pepo mchafu. Wataalamu wa chuo cha MIT, Marekani, walilichukua katika miaka ya 1960 kutoka mfano wa mwanafizikia James Clerk Maxwell, aliyewaza kiumbe kisichoonekana kinachofanya kazi bila kuchoka.

Mwalimu wa insha atalielewa jambo hili upesi akikumbuka posta. Barua ina bahasha, na ndani mna karatasi. Anwani ya juu ya bahasha yaweza kutofautiana na ile ya karatasini, na tarishi husoma bahasha tu. Vivyo hivyo, seva hupashana anwani ya bahasha, ilhali sisi huonyeshwa ile ya karatasini. Simu nyingi hutuficha hata hiyo, zikatuachia jina peke yake, na jina ndilo sehemu rahisi kughushi kuliko zote. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo huwataka watumaji wakubwa wathibitishe barua zao kwa taratibu za SPF, DKIM na DMARC. Kwa Google, hao ni wanaopeleka barua 5,000 au zaidi kwa siku kwa wenye Gmail. Taratibu hizo hukagua kikoa, yaani maneno yanayofuata alama ya @. Hakuna hata moja inayouliza kama aliyejiita Bodi ya Mikopo ndiye Bodi ya Mikopo. Tapeli ndiye atakayejitahidi jina lake lipendeze. Mtambo wa chuo haujali.

Je, tuwaambie vijana waamini kikoa pekee? Ni afadhali, lakini taasisi zenyewe hazitusaidii. Nchini Kenya ac.ke hutengewa vyuo na go.ke hutengewa serikali. Chuo Kikuu cha Egerton, jirani yetu, ni egerton.ac.ke, na hapo hapana utata. Lakini HELB, shirika la umma, limejulikana miaka mingi kwa helb.co.ke, sehemu ambayo kampuni yoyote yaweza kujisajili, na KUCCPS imewaelekeza waombaji kwa students.kuccps.net. Aliyekariri ac.ke na go.ke atazitupa barua za mkopo wake mwenyewe.

Kwa hivyo nawaomba wasimamizi wa seva katika vyuo vyote waandike jina kamili la taasisi katika akaunti zinazotuma barua. Ni kazi ya dakika chache. Barua ya kumwalika mwanafunzi chuoni nayo iorodheshe anwani zote atakazoandikiwa, herufi kwa herufi, kabla hajapokea hata moja.

Nasi walimu tunaweza kuanza bila kungoja tarakilishi mpya. Barua tatu zilizochapishwa pamoja na vichwa vyake kamili, kalamu nyekundu, na swali moja kwa darasa: pigia mstari kile kinachofuata @, kisha ueleze ni nani aliyekisajili.